Mgonjwa wa Maonyesho

Watu wa helikopta walichoma nyasi mbichi tangu asubuhi, mpaka uwanja wa mpira wa Kagunga ukajaa moshi na magoli yakapotea. Walitaka tuone jinsi helikopta yao ya kubebea wagonjwa, yenye mtambo mpya, inavyotua hata rubani akiwa haoni kitu.

Kwenye machela alilala mgonjwa wao: mwalimu wa michezo, mzima wa afya, kafungwa kichwani bandeji iliyochovywa kwenye juisi nyekundu ya rosela. Nzi walikuwa wameshaifuata ile sukari.

Mgonjwa wangu mimi, nesi wa zahanati, alikuwa pembeni kwenye jamvi. Semeni, uzazi wake wa kwanza, damu imeshalowesha vitenge viwili. Kwa boti, hospitali ya Kigoma ni mbali.

Helikopta ikatua ndani ya moshi bila hata kuyumba. Nikamkimbilia msimamizi wao.

“Mkuu, yule mwalimu ni mzima. Mpakieni huyu wangu.”

“Nesi, leo ni maonyesho. Kamera zote zile! Akitufia hewani tutasema nini?”

“Na akifia hapa?”

Alimnyooshea rubani dole gumba.

“Dada nesi,” Semeni aliniita, “zamu yangu bado?”

“Bado kidogo, mdogo wangu.”

Wakampakia mwalimu. Wakazunguka naye juu ya ziwa, wakarudi, wakatua tena palepale, ndani ya moshi uleule, salama kabisa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akashuka akijifuta rosela usoni.

Semeni alikuwa ameacha kuniuliza.