Nafasi ya Mwandaaji

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga gizani. Violeth alikisogeza ili mvuke upate njia, akarudi kwenye mwanga wa kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Ngokolo tangu magharibi.

Kazi yake ilikuwa kuyapa masomo ya sauti maelezo: jina la somo, darasa, lugha, maneno ya kutafutia. Mwalimu wa Masumbwe au Songwa akilihitaji somo, alitafute, alipate, alitumie. Na mwingine mwakani alitumie tena. Kwa somo hili alikuwa amejaza kila nafasi isipokuwa moja. Mwandaaji.

Masomo mengine yalijitambulisha yenyewe. Mwalimu Paskazia alikohoa vumbi la chaki. Kwa Mwalimu Fredy jogoo aliwika katikati ya hesabu za sehemu, mwalimu akamfukuza, darasa likacheka. Lakini nyuma ya sauti ya mwalimu wa somo hili hapakuwa na kitu. Kimya. Violeth alikijua kimya cha namna hiyo. Ni cha mtu aliyefunga mlango na hana wa kumgongea.

Baba wa binti yake, Rebeka, alikwenda Geita, kwenye maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu, mtoto akiwa bado anatambaa. Simu yake ilianza kwa kutopokelewa, ikaishia kwa kutopatikana.

Kwa hiyo sauti hii ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya mwanamume ndani ya nyumba. Haikupanda hata siku moja. "Usijali ukikosea," ilisema mwishoni mwa kila somo, kwa utulivu uleule. "Tutarudia pamoja." Mara ya kwanza Violeth alisimamisha somo, akalia kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Ofisini, Kalisti wa meza ya pili alikwisha kumshtukia.

"Mama Rebeka, hapa kwenye maneno ya kutafutia umeandika 'mpole'. Nani atatafuta mpole?"

"Mtu anaweza kutafuta."

"Haya, tuanze kushona sare za harusi!"

"Acha utani. Anaishi wapi huyu?"

"Nitajuaje? Masomo yake yote yaliletwa siku moja, na anwani moja ya barua pepe. Huyo mchumba wako halali usingizi?"

"Ni mchapakazi."

"Andika 'hajulikani', tumalize."

Hakuandika. Mtu anayekuambia tutarudia pamoja, unamwachaje bila jina?

Jioni hii alikuwa ameiandikia ile anwani. Alitumia Kiswahili alichofundishwa darasa la jioni, kila mkato mahali pake. Kwanza aliuliza jina, kama kazi ilivyotaka. Baada ya hapo mkono ukakataa kusimama.

*Mimi naitwa Violeth, niko Shinyanga. Nina binti mmoja. Nimesikiliza masomo yako yote, hata yale niliyokwisha kuyajazia maelezo. Kama huishi mbali, tunaweza kuja Jumapili kukusalimia. Kama una familia yako, nisamehe, jina tu linatosha.*

Aliisoma tena. Alitaka kufuta lile neno Jumapili, akaliacha. Gauni la kuvaa lilikwisha kupigwa pasi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Pembeni, mkekani, Rebeka alikuwa na kishikwambi cha ofisini mapajani na hedifoni masikioni. Alikuwa akimfuatisha yule mwalimu neno kwa neno.

"Ng'ombe wakavuka mto, wakapanda kilima, wakashuka bondeni, wakala majani, wakanywa maji, waka..."

Sauti ya mtoto ilikonda, ikakatika. Rebeka akavuta hewa kwa nguvu, akarudisha nyuma, akaanza upya. Akakwama palepale.

"Mwalimu anakimbia sana?" Violeth aliuliza bila kugeuka.

"Hapana. Anasoma taratibu."

"Basi pumzika, ng'wanawane, mwanangu. Maharage yanakaribia."

Rebeka alijaribu mara moja zaidi, macho yamemtoka, mashavu yamemvimba. Alishindwa. Akavua hedifoni, akazishika mkononi, akazitazama.

"Mama, huyu mwalimu hapumui. Kwani ni mtu?"