Breki Zisizolia

"Na hii je, inalia?" Mkaguzi aliuliza, akaigonga pedi ya breki kwa ukucha na kuitegea sikio kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Mzee, hakuna pedi inayolia mkononi," alisema muuza vipuri, mwanamke mpole ambaye upole ulikuwa umeanza kumwishia. "Mpaka ifungwe kwenye gari."

"Basi nipe ya kimya. Kimya kabisa. Nikifika mahali, watu washtukie tu nimeshafika."

Nje, shangingi lake lilikuwa limeziba mlango wa duka na nusu ya mlango wa jirani. Gari la viti saba, na mpandaji ni mmoja. Alilinunua alipostaafu ukaguzi wa shule, kwa hoja kwamba mtu mzito hapandi kitu chepesi, na tangu hapo breki zake zililia mtaa mzima ukasikia. Pedi zilibadilishwa tena na tena, mlio ukabaki palepale. Vijana wa kijiweni walishalibatiza gari lile: Mbuzi wa Mkaguzi.

Siku zote pedi alinunua mkewe. "Wewe pumzika, baba, mambo ya grisi niachie mimi," ndivyo alivyomwambia, naye Mkaguzi akajisifu kwa rafiki zake kwamba kuna wanaume wamepata wake. Lakini jana Mbuzi alilia mbele ya benki hadi watu wakaziba masikio, na leo asubuhi Mkaguzi alitangaza mezani kwamba atakwenda kuchagua mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Mkewe alimwongezea chai tu, akasema, "Haya, kachague."

Simu ya muuza vipuri iliita. Alisikiliza, akamtazama Mkaguzi, akatazama dari. "Ndiyo, mama. Nimekuelewa, mama." Akashusha boksi moja kutoka rafuni na kuliweka chini ya kaunta. "Mteja," alieleza.

Kisha akasukuma boksi jingine mbele. "Hizi hapa hazilii. Ila una hakika, mzee? Watu wa nyumbani wamezoea kukusikia."

"Wa kwangu? Hata nitokee kama jini, nitamkuta kila mtu mahali pake."

Hilo aliliamini kwa moyo wote. Kila alipoingia nyumbani, wajukuu wake wawili walikuwa wameinamia madaftari, mkewe anakunja nguo, na mama yake mzazi, maskini, yuko kitini na blanketi magotini, analalamikia miguu. Huyo mama ndiye aliyemtia simanzi. Ujanani alikuwa mcheshi wa ukoo mzima. Sasa Mkaguzi hakukumbuka hata mara ya mwisho kumsikia akicheka, akahofu kwamba uzee umeshaondoka na ile sauti na hataisikia tena.

Fundi wa jirani alizifunga pedi mpya, na kabla ya adhuhuri Mkaguzi alikuwa akiteremka mtaani kwake. Alisimama kila kona bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kusimama. Alipofika getini alikanyaga breki kwa nguvu, na hazikutoa hata mguno.

Alichosikia ni kicheko, kutoka sebuleni.

Alinyata mpaka dirishani, mzee mzima na heshima zake, akajibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Ndani, mama yake alikuwa wima katikati ya chumba. Amevaa koti la Mkaguzi, na miwani yake ya akiba imemkaa ncha ya pua. Mikono nyuma, tumbo mbele, alipita taratibu mbele ya wajukuu waliojipanga mstari. Alichungulia sikio la mmoja. Akapitisha kidole mezani, akakitazama kwa huzuni kubwa.

"Nani," aliuliza kwa sauti nzito, "ameliruhusu vumbi hili kukaa hapa bila kibali?"

Wajukuu walianguka sakafuni. Mkewe alikuwa anafuta machozi kwa soksi aliyopaswa kuikunja.

Mkaguzi alitaka kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini tumbo lile lilikuwa lake, ule mwendo wa bata ulikuwa wake, na kidole kile jana tu alikipitisha juu ya jokofu, akakitazama hivyo hivyo. Ikabidi ajizibe mdomo kwa kofia. Kisha mama yake akacheza kidogo, kwa miguu ileile mibovu, akarusha kichwa nyuma akacheka. Sauti ile ilikuwepo, nzima, haijapungua kitu. Mkaguzi alishukuru mpaka macho yakamlowa.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa alipoona jinsi mambo yatakavyokwenda: koti litavuliwa mbio, madaftari yatafunguliwa, na miguu ya mama itaanza kuuma upya. Aliuondoa mkono. Akarudi garini kwa ncha za vidole, akaondoka kama alivyokuja.

Dukani alisimama mbele ya kaunta akizungusha funguo.

"Binti," alisema mwishowe, akiikagua kalenda ya ukutani, "hivi... zile zinazolia, unazo?"

Muuza vipuri aliinama, akatoa lile boksi chini ya kaunta.

"Hizi ndizo anazochukua mkeo siku zote," alisema, akiuma mdomo. "Ameshazilipia tangu asubuhi. Amesema ukirudi nisikucheke."