Makufuli Mawili

Lango la msitu wa chuo lilikuwa na makufuli mawili, kwa kuwa kamati ya mazingira ilikuwa na wenyeviti wawili, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua peke yake. Bakilana alikuwa amekwisha kufungua kufuli lake. Nyuma yake lori la wakata miti liliunguruma.

"Fungua, dada Nyamizi," alimwambia mwenyekiti mwenzake. "Mkuu wa chuo amesema atakayekataa atafukuzwa."

"Ndiyo maana ukafungua?"

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa, kaka."

Dereva akapiga honi. "Jamani, huu ni msitu au benki?"

Nyamizi alimwomba Mungu kimoyomoyo. Mkono ulimtetemeka mpaka kufuli aliloshika likagongagonga chuma cha lango. Bakilana akausikia mlio ule. Polepole akalirudisha kufuli lake langoni, akaweka kidole gumba juu yake, asilibane bado.