Nyati wa Dilbag

"Andika mizigo saba ya majani," Dilbag akasema. "Saba kila siku, tena ya kichwani. Mwaka jana mwenzako aliandika miwili, akanimaliza."

Mgeni, aliyekaa kwenye kitanda cha kamba, akaitikia kwa kichwa. Hakuandika kitu. Kalamu ilikuwa imechomekwa mfukoni mwa shati, imetulia zake.

Dilbag alikuwa akimsubiri mtu huyu tangu Jumatatu. Mkuu wa kijiji alishatangaza: serikali inaleta mtu wa kuuliza gharama za shamba na mifugo, na gharama hizo ndizo zitakazopanga bei ya ngano na maziwa. Basi alipoona pikipiki imesimama langoni, na juu yake mtu wa makamo, viatu vinang'aa, kalamu mfukoni, hakungoja hata salamu ziishe. Alimvuta ndani, akamkalisha, akamletea mtindi, akaanza kummwagia hesabu zake.

Wala si kwamba Dilbag alizaliwa mwongo. Miaka mitatu alisema kweli tupu, na miaka mitatu akauza ngano yake sokoni Rohtak kwa bei isiyorudisha hata dizeli ya pampu. Ukiwaambia nne, huko ofisini wanakata wanabakiza mbili. Kwa hiyo mwaka huu kijiji kizima kilikubaliana: kila mtu aseme kubwa. Mkulima afanye nini kingine, ale udongo?

"Mashudu ya pamba, gunia elfu mbili na mia tano," akasema. Alilinunua elfu moja na mia tisa. "Makapi ya kulishia nayo tunanunua, sisi wenye ngano yetu, kwa sababu mashine ya kuvunia inayatawanya yote shambani. Halafu lita ya maziwa inanigharimu rupia sabini, naiuza hamsini. Sasa hiyo ni kazi au ni adhabu?"

"Shamba ni ekari ngapi, chaudhari?" mgeni akauliza. Alimwita hivyo kwa heshima, kama waitwavyo wenye mashamba, kwa sauti ndogo ndogo.

"Tano, na katika hizo mbili ni za kukodi."

"Na madeni?"

"Benki, laki nne. Dalali wa ngano, laki mbili. Hili la dalali halina karatasi, lakini usiliache."

"Na nyati wa maziwa? Nilisikia ni wanane."

Dilbag akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakudanganya? Hao ni nyati wa mshenga, wa kuwafurahishia wakwe. Mimi ninao watatu, na mmoja amekauka hana tone. Ndugu yangu, mwanangu Sombir ana miaka thelathini na moja. Kijiji hiki kina vijana arobaini hawana wake, mabinti hakuna. Huyu akimkosa msichana tuliyempata, basi tena, atazeeka na mimi hapa. Nani atanipa binti kwa nyati watatu? Jumapili watu wa msichana wanakuja kufunga maneno, na jirani ataniazima watano niwapange pale kivulini. Wewe andika watatu."

"Nimekusikia," mgeni akasema.

Amesikia, lakini kalamu haijatoka mfukoni. Dilbag akahisi damu inampanda kichwani. Ni yale yale ya kila mwaka. Mtu anakuja, anakaa, anakodoa macho, anarudi mjini kujaza anachotaka.

"Na kazi ya mikono msiiruke tena," akasema, sauti imepanda. "Nyinyi mnahesabu kilichonunuliwa tu. Mke wangu Bhateri anaamka saa kumi alfajiri. Anazoa kinyesi, anakata majani, anakamua, anachota maji. Ana miaka hamsini na mgongo umeshapinda. Kibarua ningemlipa rupia mia nne kwa siku. Mwaka jana mlimwandika sifuri, kama vile nyati wanajikamua wenyewe."

Upande wa pili wa ua, Bhateri alikuwa akipaka ukuta chokaa kwa ajili ya Jumapili, anaimba chinichini. Mgeni alimtazama kwa muda.

"Na huyo mkwe akija?" akauliza. "Naye ataingia kwenye kazi hiyo?"

Dilbag akaona mwanya. Kumbe inawezekana kuandikisha wanawake wawili badala ya mmoja. Kweli ni kwamba Bhateri alishaapa yule binti, Renu, hatashika kinyesi katika nyumba hii, maana ana cheti cha ualimu na mtihani wa kuajiriwa uko mbele yake. Sombir mwenyewe alikuwa amemchongeshea meza ya kusomea, iko chumbani imefunikwa shuka. Lakini meza inampandishia nani bei ya maziwa?

"Ataachaje kuingia?" akasema. "Saa kumi alfajiri na yeye, hakuna kulala. Akishafika yeye, Bhateri atapumzika. Na hicho cheti chake atakitundika zizini, nyati wakisome. Mwandike kibarua mzima, mwaka mzima, bila likizo."

Mgeni akainuka taratibu. Mtindi alikuwa hajaugusa. Akakunjua mikono ya shati, akaweka viganja pamoja kifuani kuaga.

"Mtu wa serikali nimempita dukani, chaudhari, anauliza nyumba yako," akasema kwa upole ule ule. "Mimi ni mjomba wake Renu. Jumapili msihangaike kupika."