Tundu la Kushoto

Harufu iliingia chumbani kabla ya mtoto. Daktari alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta, akavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Mama, huyu mtoto unamwogesha kweli?"

"Namwogesha, daktari. Kila siku."

"Kwa maji gani, ya mtaroni?"

Muuguzi aliyempakata mtoto alitazama chini. Mtoto alikuwa akihema kwa mdomo, kifua kikikoroma. Mara kadhaa alikuwa ameletwa hapa kwa kikohozi, na kila mara alirudishwa na chupa ya dawa bila hata kuguswa. Watoto wenye makamasi walikuwa wengi, na kwa daktari huyu wote walikuwa mtoto mmoja.

Leo uvundo ulimlazimisha kuangalia. Mafua hutoka pande zote mbili, lakini ute huu wa kijani wenye damu ulitoka tundu la kushoto tu. Bila shaka kulikuwa na kitu ndani.

"Mbona humsafishi pua?"

"Nilikatazwa nisimguse."

"Mnaokatazana ujinga mko wengi!" Hata hakuuliza ni nani aliyemkataza. "Paka hana sabuni na anajilamba. Wewe pua moja tu inakushinda?"

Alimulika tochi, akaingiza koleo nyembamba, akavuta taratibu. Mtoto akapiga ukelele. Kikachomoka kitu cheusi, kinachoteleza, kinachonuka kama panya aliyefia ukutani. Muuguzi akageuza uso. Daktari alikitupa kwenye bakuli. Lilikuwa bonge la pamba, limeoza.

Mtoto alifunga mdomo, akavuta hewa kwa pua. Daktari hakumwona, maana alikuwa ameshanyanyua simu.

"Huu si uzembe, ni ukatili! Uchafu huu ungeshuka mapafuni ukamuua. Nawapigia ustawi wa jamii sasa hivi. Leo mtoto huyu harudi kwako."

Mama alimnyakua mwanawe mikononi mwa muuguzi, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nyie watu mnanitia kinyaa," daktari alisema, kidole kikitafuta namba. "Haya, kabla hawajafika, sema ukweli. Nani alimsokomeza mtoto pamba puani?"

"Ni wewe, daktari. Siku ile alipotokwa na damu. Ulisema nisimguse, utaitoa mwenyewe."