Mstari wa Korongo

Katika nchi ya mchanga waliishi majirani wawili, Ngamia na Swala, waliogombania kisima kila kiangazi. Akaja Korongo, mgeni kutoka ng'ambo, akachora mstari kati yao kwa mdomo wake.

"Asiuvuke mtu bila idhini yangu, nami nitawalinda nyote."

Ngamia alishukuru sana kwa amani hiyo.

Siku moja fisi walimvamia Swala. "Ndugu yangu Ngamia, nisaidie!"

Ngamia akamkimbilia Korongo kuomba ruhusa.

"Ngoja kwanza nitafakari," alisema Korongo.

Ngamia akangoja, akivisikia vilio vyote, mpaka pakawa kimya.

"Pole, bwana," Korongo akasema. "Malisho ya marehemu nitayatunza mimi."

Ngamia aliuvuka mstari, wala hakuna aliyemzuia. Alikuta pembe mbili tu, akapiga magoti akalia.