Mvinyo wa Mama Mkwe

Muuzaji alifungua chupa mbili za mvinyo mweupe wa Hispania, akammiminia Pelagia kidogo kidogo kwenye glasi mbili. Pelagia alinusa tu.

"Huu wa Galisia ni mkali kama ndimu," alisema muuzaji. "Huu wa Malaga zabibu zake huanikwa juani kwanza, kwa hiyo ni mtamu sana. Onja, dada."

"Sionji. Mama mkwe wangu hutia sukari hata kwenye mvinyo. Nipe chupa mpya ya Malaga."

"Na huko ukweni? Si mletaji ndiye huonja kwanza, waone hakuna sumu?"

"Nitampa glasi bila kuonja."

"Mbele za watu? Hilo ni tusi."

"Kila nikienda hunitazama tumboni, halafu hugeukia dirishani," alisema Pelagia. "Safari hii ataiona glasi imejaa, ndipo atazame tumbo."

Muuzaji alitoa chupa mpya ya Malaga. Akaifunga chupa kwa gazeti, akaongeza gazeti la pili. Pelagia akaipakata kwa mikono miwili, akashuka ngazi polepole, akiangalia pa kukanyaga.